Nyasi Hazionyeshwi Mgeni

Msitu wa Mwakidalu ulikuwa mzuri kwenye picha. Ukiuingia kwa miguu, kitu cha kwanza kukupokea ni ukimya: hakuna ndege, hakuna nyenje, hakuna hata inzi wa kukusumbua puani. Mitiba ilisimama kwa mistari kama wanafunzi wanaosubiri bendera ipandishwe, shina moja kila baada ya hatua nne, yote ya umri mmoja na kimo kimoja. Mti huo haukuwahi kuota popote duniani kabla haujatengenezwa maabara. Ulitengenezwa ili uponye ardhi, ndiyo maana ukaitwa mtiba.

Mbuke Luhende, mpimaji mkuu wa Idara ya Uponyaji wa Ardhi, alikuwa amepiga magoti kwenye majani makavu, kiganja kimoja kikiwa chini.

"Inasemaje?" aliuliza mzee aliyesimama nyuma yake.

"Subiri, baba mdogo. Nyuzi hazipendi kuharakishwa."

Mzee Machibya alikuwa mdogo wa marehemu baba yake. Alikuwa na miaka themanini na moja, na alikuja kama shahidi wa wenyeji, maana sheria ilitaka kila taarifa ya upimaji wa mwisho iwekwe dole gumba la mtu aliyezaliwa kwenye ardhi hiyo. Alivaa koti lake la harusini na katambuga mpya. Mbuke alimwambia kazi ni ya siku tatu, lakini mzee alikuja na mzigo wa mtu anayehama: godoro jembamba, sufuria, na jembe lisilo na mpini.

Chini ya miguu yao zilitandazwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, nusu uyoga na nusu waya, zikinusa udongo bila kupumzika: una maji kiasi gani, una wadudu wangapi, mizizi inapumuaje. Zilichonusa zilikipeleka kwenye Mzani, na Mzani ulitoa tarakimu moja tu, kati ya sifuri na mia. Ardhi iliyopata chini ya thelathini iliitwa mgonjwa. Mgonjwa hulazwa, na wanaoishi juu yake huondolewa.

Mwakidalu ilipata kumi na moja. Hiyo ilikuwa miaka ishirini na mitano iliyopita, enzi ambazo nyuzi hazijabuniwa na wapimaji walitumia majembe. Kaya mia tatu zilipakiwa na kuku wao, zikapandishwa kwenye ghorofa za Majengo, huko kando ya mji. Zilipewa ahadi moja iliyoandikwa: ardhi ikipanda alama arobaini juu ya kipimo cha mwanzo, mtarudi. Isipopanda, italazwa tena miaka ishirini na mitano.

Kiganja cha Mbuke kilipata joto. Alisoma kwenye kioo cha mkononi, kisha akasoma tena ili tu afurahi mara ya pili.

"Hamsini na nane."

Mzee alihesabu kwa vidole, akapotea njiani, akamtazama.

"Tumevuka, baba mdogo. Tumezidisha alama saba."

Machibya hakushangilia. Alikaa chini palepale na koti lake, akaanza kuchezea udongo. Mbuke alimwona akifuta macho kwa kiwiko, naye akageuka pembeni kumpa nafasi. Alimfikiria mama yake, Bi. Holo, aliyekuwa akimsubiri Majengo. Mama huyo alihama na mbegu za nyasi ndani ya pindo la kitenge, akazipanda kwenye beseni huko roshani, ghorofa ya saba, na kwa miaka yote hiyo akazimwagilia maji ya kuoshea mchele. Mbuke kila alipomtembelea alivutwa mkono mpaka kwenye beseni kabla hata salamu hazijaisha. "Tazama zinavyojua kwao," mama alisema. Ahadi yake ilikuwa kwamba siku ya kurudi, beseni lile litatangulia kushuka ngazi, watu baadaye.

Kumbe furaha ya maskini haikai sana mlangoni. Hii ilikaa hadi saa tano asubuhi.

*

Kilichobaki kilikuwa kufunga faili tu. Utaratibu ulidai uchoto mmoja wa udongo kwa bomba refu, ili Idara ibaki na kumbukumbu. Popote pangefaa. Mbuke alimwachia mzee achague, kwa heshima.

Machibya hakufikiri mara mbili. Alitembea kati ya mitiba akihesabu kitu asichokisema, akavuka mteremko mdogo, akapiga chini kwa kisigino. "Hapa."

Bomba lilizama mita mbili likatoka limejaa. Shibiri mbili za juu zilikuwa unga wa kijivu, maana majani ya mtiba hayaozi upesi, na hakuna mdudu anayeyataka. Chini yake udongo ulikuwa mweusi, mzito, wenye mafuta. Mbuke aliunusa, na mwili wake ukakumbuka kabla ya akili. Ulinuka mvua ya kwanza, ulinuka zizi, ulinuka nyumbani.

Aliuweka kwenye msomaji, chombo chake cha kusoma tabaka za udongo. Sasa, nyasi zina tabia moja ambayo watu wengi hawaijui. Kila jani hujenga ndani yake vijiwe vidogo kuliko vumbi. Jani huoza, au huliwa na ng'ombe, au huungua, lakini kijiwe hubaki udongoni, na kila aina ya nyasi ina umbo lake la kijiwe. Msomaji alivihesabu tabaka kwa tabaka, akirudi nyuma mwaka hadi mwaka. Aina kumi na mbili za nyasi. Miaka mia na hamsini bila kukatika. Kisha akatoa alama ya tabaka la mwaka ule wa kuhamishwa: sabini na moja.

Mbuke alidhani chombo kimeharibika. Alikizima, akakiwasha, akakipa udongo mwingine. Sabini na moja.

"Haiwezekani."

"Nini hakiwezekani?" Machibya alicheka, cheko la mtu asiyejua kinachokuja. "Hii si ngitili ya babu yako, Mbuke? Umesahau? Hapa tulikuwa tunafunga mvua zikianza tu, hata mbuzi hakanyagi mpaka kiangazi kikali. Nyasi zilifika kifuani. Wewe mwenyewe ulipotelea humu siku moja, tukakutafuta kwa mbiu."

Mbuke alikaa kwenye kisanduku cha vifaa.

Mwaka ule wa kupimwa alikuwa na miaka kumi na tisa, ndio kwanza amemaliza kidato cha sita, mtu pekee kijijini aliyeweza kuzungumza na wageni bila kujiuma ulimi. Ulikuwa mwaka wa njaa. Gari jeupe liliingia, wakashuka watu wenye daftari, na kabla vumbi halijatua habari ilishazunguka: watu wa chakula cha msaada wamefika. Nao watu wa msaada wana mapokezi yao. Unafungua ghala tupu. Lile lenye michembe ya viazi unaliegemea mlangoni ukipiga soga. Unamtoa ng'ombe aliyekonda, walionenepa wanakwenda kuchungwa mbali. Na ngitili, akiba yako ya malisho, huonyeshi, msaada uwepo usiwepo, kwa sababu nyasi zilizoonwa na mgeni huliwa kwa jicho kabla ng'ombe hajazifikia. Ndivyo wazee walivyoamini, na vijana hawakuuliza.

"Wapeleke korongoni," baba yake alimwambia kwa Kisukuma, huku akiwachekea wageni. "Waambie ndivyo ilivyo kote."

Akawapeleka. Korongo la Itale lilikuwa mahali wanawake walipochimba udongo wa kukandika nyumba na ng'ombe walipopita kwenda lambo tangu enzi za mababu. Hata mjusi asingelisifia. Wageni walichimba mashimo sita, yote mlemle. Machibya ndiye aliyewashikia jembe.

"Ndivyo ilivyo kote?" aliuliza mama mmoja, kiongozi wa wageni hao.

"Ndivyo ilivyo kote," Mbuke alijibu, kwa Kiswahili kilichonyooka hadi yule mama akauliza binti huyu kasoma wapi. Mwaka uliofuata Idara ilimpeleka chuo kikuu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Watu wa Mwakidalu walifanya kinyume chake, walificha afya wakaonyesha maradhi, na waliumbuka vilevile. Hawakuletewa hata debe moja la mahindi. Yaliletwa malori ya kuwahamisha.

Ajabu ni kwamba Mbuke alisahau. Kuwapeleka watu korongoni alikukumbuka vizuri. Alichosahau ni kwamba kulikuwa na kwingine. Alisoma vitabu vya ardhi iliyochoka, akaandika tasnifu juu ya Mwakidalu, akasimama mbele ya wakubwa akionyesha picha za korongo, mwisho akaamini kwamba amezaliwa korongoni. Wapimaji wengine walipotumwa huku hakuomba kuja. Alijiambia ni kazi nyingi.

*

Kwa siku mbili alichomeka bomba kila mahali ambapo Machibya alipakumbuka: ngitili tisa za koo tofauti, mashamba yaliyokuwa yamepumzishwa, mabonde ya mpunga, na korongo pia, kwa haki. Mzee alikuwa mchangamfu, akitaja majina ya wenye mashamba kana kwamba bado wako ndani wanapalilia. Mbuke alijibu kwa kifupi. Siku ya tatu alijumlisha.

Mwakidalu nzima, mwaka ule wa kuhamishwa, ilistahili sitini na tatu.

Leo, hamsini na nane.

Mtu alipewa dawa wakati haumwi, na dawa ikamlaza. Alikwenda kwenye kisima cha Itale, ambacho hakikuwahi kukauka hata mwaka wa njaa, akakuta matope yaliyopasuka vipande vipande. Mtiba mmoja hunywa ndoo nne za maji kwa siku. Humo msituni ilikuwapo mitiba milioni mbili.

Alimpigia Mkurugenzi Rwiza akiwa palepale, ukingoni mwa kisima.

"Mbuke! Hongera," sauti ilisema sikioni mwake. "Nimeona hamsini na nane. Malori ya miche ya Awamu ya Pili yameanza safari. Vijiji arobaini, vyote kwa mfano wako wa Mwakidalu."

"Mkurugenzi, kipimo cha mwanzo kina makosa."

"Makosa ya nani?"

"Yangu. Nilikuwa mkalimani. Mashimo yote sita yalichimbwa korongoni."

Rwiza hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, aliyebakiza miezi minane kustaafu.

"Sheria unaijua," alisema hatimaye. "Ukirekebisha cha mwanzo, Mwakidalu haijapona. Inalazwa tena miaka ishirini na mitano. Mama yako ana umri gani?"

"Themanini na nne."

"Basi funga faili, dada yangu. Warudishe watu wako kwao."

"Na hivyo vijiji arobaini? Navyo havina nyuzi, vilipimwa kwa mashimo sita, pale wenyeji walipoelekeza. Nani anajua walificha nini?"

"Vitarudi navyo, siku moja. Sheria tutairekebisha taratibu."

"Taratibu ni miaka sita. Miche inafika Jumatatu."

"Mbuke," Rwiza alisema kwa upole, "mimi simu hii sikuipokea." Akakata.

Machibya alikuwa amesikia upande mmoja tu wa mazungumzo, lakini mzee si mjinga. Alimwomba amweleze lote, naye akamweleza, bila kupunguza. Mzee alisikiliza akitazama matope.

"Kwa hiyo ukiandika kumi na moja, tunarudi."

"Mnarudi."

"Ukiandika sitini na tatu?"

"Miaka ishirini na mitano mingine."

"Mimi sina miaka ishirini na mitano. Mama yako hana hata mitano." Aliinua kichwa. "Andika kumi na moja. Uongo ulitutoa, uongo uturudishe."

"Baba mdogo, wataondolewa watu wa vijiji arobaini. Nyasi zao zitaishia kama zetu."

"Hao hawana watoto waliosoma? Kila mtu na alilie kwake." Alionyesha upande wa mji kwa kidevu. "Unajua sisi tunazikwa wapi huko Majengo? Kwenye ukuta. Wanakusukuma ndani ya tundu kama mkate. Baba yako yuko tundu la mia nne na kumi. Mimi nimekuja na godoro, mwanangu. Nimeaga watu."

Alimpenda mzee huyu. Ndiye aliyemfundisha kukamua. Alifungua faili ili tu macho yake yapate pa kukaa. Kurasa zote zilikuwa zimejazwa. Lilibaki swali moja la mwisho, ambalo katika kazi yake yote alikuwa amelijibu mara mia mbili bila kulisoma: *Je, kipimo cha mwanzo kinawakilisha eneo lote?*

Ndivyo ilivyo kote?

Alimwona binti fulani asiyemjua, katika kijiji fulani kati ya vile arobaini, mwenye ulimi mwepesi na baba anayecheka na wageni. Alimwona akipewa nafasi ya chuo. Hasira ikampanda, na hakujua ni ya kumkasirikia nani zaidi: sheria, marehemu baba yake, yule mama aliyeuliza swali moja akatosheka na jibu moja, au yeye mwenyewe. Alijikasirikia yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Akabonyeza *Hapana*. Akaandika sitini na tatu. Chini yake akaandika jina la mkalimani aliyepotosha, herufi kwa herufi, kwa ukamilifu wake.

Kisha akanyoosha kioo kwa mzee, kwa sababu bila dole gumba la mwenyeji taarifa isingekwenda popote. Hilo nalo alilijua. Alikuwa amefanya uamuzi wake, na sasa alikuwa anamwomba mzee aubebe.

Machibya alikitazama kioo kwa muda ambao Mbuke hakuwahi kuusahau baadaye. Alifuta kidole kwenye koti la harusini. Akakibandika.

"Naweka," alisema, "ili pasitokee mtu wa kusema wazee wa Mwakidalu walidanganya mara mbili. Lakini mara ya kwanza tulikutuma sisi. Leo hakuna aliyekutuma. Usije ukanipigia hodi tena, Mbuke."

Akamwita *Mbuke*, bila *mwanangu*. Akaenda kufunga godoro lake.

*

Jumatatu malori thelathini na tisa yaligeuzwa njiani, maana mfano uliokuwa umeyatuma ulikuwa umeanguka. La arobaini liliendeshwa na dereva mwenye haraka, likawa limeshashusha miche, na kijiji kilichoipokea kilikuwa kimeshahamishwa tangu Ijumaa. Mbuke alisimamishwa kazi kwa barua fupi. Hakukata rufaa.

Jumanne adhuhuri alipanda ngazi za Majengo. Lifti ilikuwa nzima, lakini hakutaka kukutana na mtu ndani ya kisanduku. Ukumbini, ghorofa hadi ghorofa, mizigo ilikuwa bado imepangwa mlangoni: magunia, masufuria yaliyofungwa kwa kamba, kuku ndani ya tenga. Hapakuwa na mtu aliyekuwa akifungua mizigo. Walikaa juu yake. Vijana walimwamkia kwa sababu walilelewa hivyo. Wazee walikuwa wameona kitu cha kutazama dirishani.

Alipobisha ghorofa ya saba, mama yake alifungua mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

Bi. Holo alifuta kiti cha plastiki kwa upindo wa khanga, kile cha kukalia watu wa sensa na wahubiri, akakisogeza katikati ya chumba. Mbuke hakuwahi kukikalia. Siku zote alikaa kitandani, miguu juu, akila michembe kutoka kwenye chungu kimoja na mama yake.

"Kaa, mgeni."

Alikaa. Alianza kusema lile alilolipanga ngazi zote saba, kuhusu vijiji thelathini na tisa, kuhusu visima ambavyo havitakauka, kuhusu binti fulani. Mama alimsikiliza kwa adabu, mikono mapajani. Alimpikia chai, akaileta kwenye kikombe chenye kisahani. Aliuliza safari ilikuwaje na kama kuna mvua huko alikotoka.

Mlango wa roshani ulikuwa wazi, upepo ukiingia. Kutoka pale kitini Mbuke aliona ukingo wa beseni, na ncha chache za majani zikichezacheza. Bila kufikiri, kwa mazoea ya miaka yote, aliinuka kwenda kuzitazama.

Mama yake alikuwa mzee na magoti yalikuwa yakimsumbua, lakini alimtangulia. Alifika mlangoni, akampa mgongo, akavuta pazia mpaka mwisho, na kulikaza kwa pini.

"Chai inapoa," alisema.